Kila Neno na Aliyelisema

Ukimpelekea Mwalimu neno la Kiingereza, hakukuuliza maana yake. Alikuuliza limesemwa na nani, mahali gani, na msemaji alikuwa anataka nini. Ukijibu kwamba umelisoma katika kamusi, alikutazama kama mtu aliyeuziwa maziwa yenye maji, kisha akarudi kwenye madaftari yake.

Nilimjua kwa zaidi ya miaka kumi: kwanza kama mwanafunzi wake katika shule moja ya mlimani upande wa Nyamira, halafu kama jirani, na mwisho kama mtu aliyetumwa kutoka Nairobi kumgeuza nia. Nilikuwa na hoja nzuri. Nilikuwa na shahada pia, na katika umri ule niliamini kwamba vitu hivyo viwili ni kitu kimoja.

Hakukusanya maneno yote. Alitafuta aina moja tu: kitenzi kinapoandamana na kineno kidogo kama "up", "off", "in" au "out", na vikiwa pamoja vikafanya kazi ambayo hakuna kimoja kati yavyo kingeiweza peke yake. "Put" ni neno la mtoto wa darasa la pili. Lakini "put off", "put out", "put by", "put up with", huko, alisema, ndiko Kiingereza kinakolala na kuamka. "Kitenzi ni ng'ombe," alituambia darasani. "Ni mkubwa, ana pembe, kila mtu anamwona. Lakini anakwenda anakopelekwa na mtoto mwenye kifimbo. Ninyi mnamtazama ng'ombe tu. Tazameni kifimbo."

Kila aliposikia mchanganyiko wa namna hiyo aliuandika kwenye kipande cha karatasi ukubwa wa kiganja, akikata karatasi za mitihani ya zamani na kuandika upande wa nyuma. Juu aliandika sentensi nzima kama ilivyosemwa. Chini aliandika jina la msemaji na mahali. Kisha alitoboa karatasi na kuitunga kwenye uzi wa mkonge, kila kitenzi na uzi wake, na nyuzi hizo zilining'inia kutoka boriti za sebule yake. Uzi wa "get" ulikuwa mnene kuliko mkono wangu. Wakati wa upepo nyumba nzima ilichakarika kama shamba la mahindi makavu.

Shemasi mmoja wa kanisa lake la Sabato alikuja siku moja kuuliza habari za michango, akainua macho na kusahau kilichomleta.

"Mwalimu, hivi ni vitu gani?"

"Vitenzi."

"Vya nani?"

"Vya watu wa hapa."

Shemasi akasogeza kiti chake kidogo kuelekea mlangoni. "Na watu wenyewe wanajua kwamba umewatundika?"

"Wanajua," alisema Mwalimu. "Wengine huja kujitafuta."

Alitaka kitu kimoja tu, na ni vyema nikiseme mapema. Alitaka nyuzi zile ziwe kitabu cha shule, na chini ya kila sentensi liwepo jina la mtu aliyeisema. Kampuni ya vitabu niliyokuja kufanyia kazi Nairobi ilikubali kukichapisha kitabu, lakini bila majina. Alikuwa amengoja barua ya kukubaliwa na mchapishaji yeyote kwa miaka tisa. Mimi ndiye niliyempelekea.

Mwalimu alikuwa na sheria ya mashahidi wawili. Mchanganyiko haukuingia katika hesabu mpaka usikike kwa watu wawili wa miji miwili tofauti, ambao si ndugu na hawakufundishwa na mtu mmoja. Aliichukua sheria hiyo nusu kwenye Biblia na nusu kwa wazee wa ukoo wanaosikiliza kesi za mipaka. Yeye mwenyewe hakuruhusiwa kuwa shahidi. "Anayetafuta hafai kushuhudia," alisema. "Atakuta anachokitaka."

Sheria hii ilimtembeza sana. Siku za soko alikaa barazani kwa fundi cherehani mmoja wa Nyakoe, mzee aliyepigana vita vya Burma. Fundi huyo hakuweza kuomba maji kwa Kiingereza, lakini alijua "fall in", "fall out", "dig in", "fall back" na "hold on", na alizisema akiwa ameketi wima kama mtu aliyemezeshwa fimbo. Nilikuwa nimerudi kwa likizo yangu ya kwanza ya chuo kikuu, na nilipinga.

"Mwalimu, huyu mzee hajui Kiingereza. Anajua amri."

"Amri zilitolewa kwa lugha gani?"

Fundi alisimamisha cherehani. "Msichana wa Nairobi, hebu sikia. Mimi niliambiwa 'dig in', nikachimba. Nilichimba haraka, na ndiyo sababu unaniona hapa. Wewe na vitabu vyako, ukiambiwa hivyo, utachimba?"

"Sidhani ningejua la kufanya."

"Basi mmoja wetu hajui Kiingereza," alisema, na akaendelea kushona kola.

Ili kupata shahidi wa pili wa "fall back", Mwalimu alisafiri siku nzima mpaka Nyamarambe, ambako aliambiwa kuna askari mwingine wa zamani. Alimkuta ameenda matangani. Akamfuata. Alikaa kwenye majani pamoja na wafiwa, akaimba nyimbo zao, akatupia udongo kaburini, na watu walipoanza kutawanyika ndipo alipomsogelea yule askari na kumwomba amsimulie siku moja ya vita. Nilipopata habari hiyo nilimwambia kwamba ni aibu kwenda kwenye kaburi la mtu usiyemjua kutafuta kitenzi.

"Ni aibu," alikubali. "Ndiyo maana nililia kwanza."

Alikuwa mtu wa kukasirisha. Aliweza kukatiza maombolezo yako, furaha yako, hata kesi yako na chifu, akiomba useme tena ulichosema. Karani wa posta alimficha stempu. Wake za walimu wenzake walizungumza Kiswahili akipita, makusudi, na kucheka. Mkewe, ambaye sote tulimwita Mama, alisema kuolewa naye ni sawa na kuishi mahakamani, tofauti ni kwamba mahakamani watu huenda nyumbani jioni.

Lakini Mama huyo huyo ndiye aliyenionyesha upande wake mwingine. Mwalimu hakuandika siku ya Sabato. Sasa, kila mwaka kwenye makambi ya kanisa alikuja mhubiri mgeni aliyehubiri kwa Kiingereza, na mkalimani akifasiri kwa Ekegusii, lugha ya kwetu. Kwa Mwalimu hiyo ilikuwa kama mvua kumnyeshea mtu asiye na mtungi. Alibuni njia. Alijaza mfuko wa kushoto kokoto, na kila mhubiri aliposema kitu cha maana alihamisha kokoto moja kwenda mfuko wa kulia huku akirudia sentensi kimoyomoyo. Jua lilipozama alikimbilia karatasi zake, akizitoa kokoto moja moja mezani.

"Kubeba mawe Sabato si kazi?" Mama alimuuliza mbele yangu Sabato moja, kabla ya jua kuzama.

"Si mawe. Ni kumbukumbu."

"Zimetoboa mfuko. Nani atashona?"

"Mimi."

"Kesho," alisema Mama. "Usije ukavunja Sabato kwa sindano, baada ya kuivunja kwa mawe."

Mimi nisiyeacha kuuliza maswali nilimkabili kwa hilo pia. Mtu anayedai mashahidi wawili kwa "turn up" anakubalije kitabu kizima cha Mungu bila kumwita hata mmoja? Alinijibu kwamba waliokiandika wameacha majina yao. Nikasema baadhi hawakuacha. Akasema, "Hao ninawasoma kwa tahadhari." Mpaka leo sijui kama alikuwa anatania.

Kiingereza chake mwenyewe hakikuwa kizuri masikioni. Ulimi wake, kama ndimi zetu nyingi huku, haukuipenda herufi "l", na alipotuambia "look after" tulisikia kitu kingine. Nyumbani hakutamka Kiingereza hata neno moja. Sokoni alisema Ekegusii, mjini Kiswahili. Nilimuuliza mtu anawezaje kukusanya lugha miaka yote asiitumie. Akasema mfuga nyuki halazimiki kuruka.

Mkaguzi mmoja alikuja darasani kwetu nilipokuwa darasa la saba. Alimsikiliza Mwalimu dakika chache, akacheka mbele yetu, akaiga matamshi yake, kisha akasema kwa sauti kwamba hawezi "to put up with this", yaani kuvumilia jambo hili. Tuliinamisha vichwa. Mwalimu alichukua kipande cha karatasi mfukoni, akaandika polepole, halafu akamgeukia kwa heshima.

"Samahani, bwana. Jina lako kamili?"

Mkaguzi akashtuka. "La nini?"

"Na unatoka wapi? Kijiji kinatosha."

Mtu yule alidhani anashtakiwa mahali fulani. Sauti yake ilishuka, akamsifu Mwalimu kwa ubao safi, akaondoka kabla ya chai. Sentensi yake ilitungwa kwenye uzi wa "put", na ilikuwa shahidi mzuri kabisa. Mwalimu hakuwa amekusudia kumtisha. Hilo ndilo lililonichekesha zaidi: alikuwa anafanya kazi yake tu.

Kila Jumatatu ilitupasa kuleta sentensi moja tuliyoisikia, pamoja na jina la aliyeisema. Wiki moja sikusikia kitu, nikatunga yangu na kusema imetoka kwa muuguzi wa hospitali ya misheni. Jioni ile ile Mwalimu alipanda baiskeli mpaka hospitali kumuuliza muuguzi. Kesho yake hakunichapa, ingawa nilikuwa nimejiandaa kuchapwa. Alinipeleka kwa muuguzi huyo na kumwambia, "Huyu mtoto amekusemea. Naomba akae hapa mpaka useme mwenyewe."

Nilikaa kwenye benchi alasiri mbili. Siku ya pili, mwanamke aliyekuwa akimuuguza mumewe aliyeanguka kutoka paani alikuwa mlangoni, kanga kinywani, maana mume alikuwa hajitambui tangu juzi. Muuguzi alitoka mbio wodini na kumwambia, "He's come round!" Alisema hivyo kwa mazoea ya kazi, kisha akakumbuka na kumwambia kwa Ekegusii kwamba amezinduka. Lakini mwanamke alikuwa amekwisha kuelewa kwa uso wa muuguzi, alikuwa ameketi chini na kucheka. Niliandika sentensi ile pale pale kwenye benchi. Mwalimu aliisoma, akasema "Sasa hii ina mtu ndani yake," na akaitunga.

Chuo kikuu kilinifundisha kumtilia shaka. Katika miaka ile tulikuwa tukibishana usiku na mchana kuhusu lugha za wakoloni, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliopiga kelele zaidi. Likizo moja mvua ilituzuia ndani, tukila matoke na chinsaga, mboga chungu za huku, na nikamuuliza moja kwa moja: kwa nini mzee wa Kigusii atumie maisha yake kuokota vineno vya Waingereza, wakati methali za bibi yake zinakufa bila kuandikwa?

Alitafuna. Mama ndiye aliyesema. "Mwambie habari ya yule mjane wa mtoni."

"Si habari ya mezani."

"Basi nitamwambia mimi, na nitakosea mahali."

Hilo lilimtosha. Alisimulia akitazama sahani. Miaka ile mashamba yalipokuwa yakipimwa na kuandikishwa, mjane mmoja aliletewa barua kutoka ofisini. Aliileta kwa Mwalimu kwa kuwa alikuwa mtu pekee wa mlima ule mwenye Kiingereza. "Nilijua kila neno lililokuwa ndani," alisema. "Moja moja, niliyajua. Yakiwa pamoja, sikuyajua. Ningesema sijui. Lakini alikuwa amesimama mbele yangu kama mtu aliye mbele ya daktari, na watoto wa shule walikuwa wanasikiliza."

"Ulisemaje?"

"Nilikisia. Nilimwambia akae nyumbani, watakuja. Barua ilikuwa inamtaka aende."

Siku za kupinga zilipita. Mjane alipoteza kipande cha chini, kando ya mto, pamoja na migomba iliyopandwa na mama mkwe wake.

"Alikulaumu?"

"Hapana. Tukikutana njiani ananisalimu kwanza."

"Hilo ndilo linalomuua," alisema Mama.

Nilisema, kwa ukali wa ujana, kwamba basi haya yote ni toba. "Toba ni kazi ya Sabato," alijibu. "Hii naifanya siku sita." Nikasema kamusi nzuri kutoka Uingereza ingemtosha. Hapo ndipo alipoweka kijiko chini. Barua ile, alisema, haikuandikwa London. Iliandikwa na kijana wa huku, aliyejifunza kwa mtu wa huku, na kuzungumza na watu wa huku. Kamusi inajua Waingereza wanasemaje. Nani anajua sisi tunakisemaje? Kwenye nyuzi zake kulikuwa na mambo ambayo Mwingereza angeyasahihisha kwa wino mwekundu, kama "cope up with", ambayo ilikuwa na mashahidi kumi na mmoja kutoka Itumbe mpaka mjini. Hakuyasahihisha, wala hakuyasifu. Aliyaandika. Uzi wa "look" ulikuwa na "look into" nyingi kutoka maofisini, yaani kuahidi kuchunguza jambo, na nilimtania kwamba ana mashahidi wote hao na hakuna hata mmoja aliyewahi kutazama ndani ya chochote. Alicheka mpaka akavua miwani.

Sikushawishika. Nilifikiri, na bado nafikiri, kwamba methali za bibi yake zilistahili uzi pia. Lakini tangu siku ile sikuweza tena kusema kwamba alikuwa anawatumikia Waingereza.

Nilipopata kazi kwenye kampuni ya vitabu, mimi mwenyewe nilibeba mswada wake, madaftari kumi na manne aliyoyanakili kutoka kwenye nyuzi, mpaka mezani kwa mhariri mkuu. Mhariri alikuwa mtu makini, naye aliupenda. Alikuwa na sharti moja. Majina yatoke, na sentensi zigawiwe wahusika wa kubuni, mvulana na msichana wenye majina mepesi. "Mtoto wa Kitui au Malindi atafanya nini na fundi cherehani wa Nyakoe?" aliniuliza. Aliniandikia barua ya kupeleka, pamoja na mkataba.

Nilifika Ijumaa alasiri. Mwalimu alikuwa amestaafu mwaka uliotangulia, na mkono wake wa kulia ulikuwa umeanza kukakamaa. Alisoma barua mara mbili.

"Wewe unaonaje?"

"Tia sahihi, Mwalimu."

"Sababu?"

"Kitabu bila majina ni bora kuliko majina bila kitabu. Kitafika kila shule nchini. Hakuna mtoto atakayekisia tena barua ya mama yake. Si ndicho ulichotaka?"

Nilikuwa nimeiandaa hoja hiyo njia nzima kutoka Nairobi, na niliona imemfikia. Alitazama nje. Jua lilikuwa linaelekea kuzama na Sabato kuingia.

"Maneno si yangu," alisema. "Siwezi kutia sahihi mali ya watu. Tutawauliza Jumapili."

Jumapili walikuja mashahidi kama arobaini, wale walio karibu na wenye miguu. Walikutana katika darasa lake la zamani, watu wazima wamebanwa kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa videvu. Nyuzi alizileta zote, zimelala mezani kama mavuno. Mazungumzo yalikuwa ya Ekegusii. Mwalimu alisimama akatoa hoja yangu, na aliitoa kwa haki, vizuri kuliko nilivyoitoa mimi. Aliwaambia kitabu kitakwenda mbali bila majina. Aliwaambia yeye amezeeka, na huenda barua nyingine isije. Kisha akasema kila mtu aamue kuhusu sentensi yake. Anayetaka jina litoke, sentensi itatoka nalo, maana sentensi isiyo na mtu yeye hawezi kuithibitisha.

Karani wa kituo cha kupimia majani ya chai alisimama wa kwanza. "Mwalimu, mimi unitoe. Nilimsema mkubwa wangu pale, na mkubwa wangu anajua kusoma."

Mwalimu hakumbembeleza. Alilitafuta jina, akakata karatasi kutoka kwenye uzi kwa wembe, akamkabidhi. Karani alibaki amesimama, kikaratasi mkononi, hajui akiweke wapi.

Mwalimu wa shule jirani akaomba yake. Halafu mke wa mchuuzi wa pareto. Kila wembe uliposema "kwach", nilipata tumaini. Nilifikiri wakitoka wengi, waliobaki hawataona sababu ya kung'ang'ania.

"Mimi jeshini niliitwa kwa nambari," alisema fundi wa Nyakoe bila kusimama. "Miaka minne. Andika jina."

"Mzee, watu wa Malindi hawakujui," nilimwambia.

"Hata watu wa Burma hawakunijua. Nilienda hata hivyo."

Watu wakacheka, na katika kicheko hicho mwanamke mmoja wa nyuma akainuka kwa shida kutoka kwenye dawati. Sikumfahamu. Mwalimu alinieleza kwamba katika ujana wake alikuwa yaya kwenye nyumba ya meneja Mzungu huko Kericho, na kwamba yeye ndiye shahidi wa "wash up", "clear away", "hurry up" na nyingine za namna hiyo.

"Wewe ndiwe unayetaka kutoa majina?" aliniuliza.

"Si mimi, mama. Ni kampuni."

"Kampuni haiko hapa. Wewe ndiwe uliye hapa." Alisema hivyo bila hasira. "Maneno yale nilipewa kwa kelele. Kila siku, nikiwa nimebeba sahani, nikiwa na mtoto wao mgongoni. Sikujua mtu atakuja siku moja aniulize kama nimeyaweka. Sasa mnataka kumpa msichana wa kubuni. Yeye alipigiwa kelele?"

"Hapana."

"Basi ataosha nini?"

Nilitafuta hoja yangu, ile ya mtoto na barua ya mama yake, na ilikuwepo bado, na ilikuwa ya kweli bado. Lakini sikuweza kuitamka mbele ya mwanamke yule aliyesimama akinisubiri.

Baada yake hakuna mwingine aliyeomba kukatiwa. Karani wa chai alirudi mezani, akaweka kikaratasi chake karibu na uzi, akasita, akakichukua tena. Mwalimu alimwambia, "Hapana deni." Kisha akaukunja mkataba mara mbili, sehemu ya sahihi ikiwa nyeupe, akanirudishia.

"Utawaambia nini?" aliniuliza.

"Kwamba wewe ni mkaidi."

"Na kitabu?" nikamuuliza.

Alisema shule ina mashine ya kurudufisha, mwalimu mkuu amemruhusu, na kuna karatasi kiasi. Nakala mia mbili, labda. Zitapelekwa kwa walimu wa Kisii na Nyamira kwa mkono.

"Mia mbili, Mwalimu! Zitaliwa na mchwa."

"Basi mchwa watasema vizuri." Alinyoosha vidole vyake vilivyokakamaa na kuvitazama. "Tatizo ni stensili, karatasi za kupigia chapa kwanza. Hivi haviwezi tena kupiga chapa."

Hakuniomba. Alisema tu, kisha akaanza kukusanya nyuzi. Nilikuwa na ruhusa ya kazini mpaka Jumatano. Sikuamini kwamba alikuwa ameamua vyema. Niliwafikiria watoto wa Kitui. Nikamfikiria mhariri wangu na uso atakaoufanya. Kisha nikasogeza taipureta ya shule hadi dirishani, penye mwanga, nikaweka stensili ya kwanza na kusema waje mmoja mmoja, maana majina mengine kwenye karatasi yalikuwa yamefifia, na sikutaka kukisia.

Mwanamke wa Kericho alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Alisimama karibu na bega langu akiangalia herufi zinavyogonga.

"Jina lako ni nani, mama?"

"Kerubo."

Niligonga. "La pili?"

"La baba yangu ni Ombati. Liweke."

Nililiweka. Makarani wote niliowaona maishani mwangu huuliza swali moja zaidi kwa mwanamke aliyeolewa, na mimi nikauliza.

"Na la mume?"

Aliweka mkono juu ya meza kando ya mashine.

"Hilo liache," alisema. "Yeye hakuwepo."